Toki-woki kwa matembezi ya familia nje ya Lubumbashi: tuchague zipi?

Mama wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wenu juu ya jambo tunalolijadili nyumbani tangu Pasaka bila kufikia uamuzi. Kiangazi kikianza na shule zikifungwa, sisi pamoja na familia za ndugu wa mume wangu hutoka Lubumbashi kwa magari mawili au matatu kwenda kupumzika siku kadhaa, mara upande wa Mwadingusha kando ya ziwa Changalele, mara mbali zaidi hadi kwenye maporomoko ya Kiubo katika mto Lufira. Tukishaiacha lami, vumbi huwa zito kiasi cha kumlazimu dereva wa nyuma kukaa mbali na gari la mbele, na kabla ya muda mrefu hatuonani tena, wala simu hazishiki mtandao. Tukifika, watoto wakubwa hutawanyika na binamu zao, na mtu akishapita nyuma ya vichuguu vyetu virefu humwoni tena, hata akiwa karibu.

Wifi yangu anayeishi Brussels ametuletea jozi moja ya toki-woki, na shemeji aliyeko Marekani ameahidi kutuma jozi ya pili mwezi ujao. Kasha la zile za Ulaya limeandikwa kwamba zinafika kilomita 10. La zile za Marekani, kwa jinsi nilivyoliona kwenye picha, limeandikwa maili 35, yaani kilomita 56. Baba watoto anaona hizo zote ni za kuchezea, na anataka tununue mjini zile nyeusi za wati 5 zenye antena ndefu, kama zile wanazobeba walinzi wa maghala.

Ningependa kujua mambo matatu. Je, jozi ya Ulaya na jozi ya Marekani zitasikilizana? Je, kilomita zilizoandikwa kwenye makasha ni za kuaminika? Na je, sheria ya nchi yetu inaturuhusu kutembea nazo?

Fundi wa Kampemba

Mama, umefanya vema kuuliza kabla shemeji hajatuma mzigo, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Redio ndogo za Ulaya, zile zilizoandikwa PMR446, hufanya kazi kwenye masafa, yaani kipimo cha mawimbi ya redio, kati ya megahezi 446.0 na 446.2, zina chaneli 16, na nguvu yake haizidi nusu wati. Redio za kifamilia za Marekani, ambazo huandikwa FRS, hutumia megahezi 462 na 467, zina chaneli 22, na baadhi ya chaneli hizo zinaruhusiwa kufika wati 2. Kwa hiyo ukiweka namba 5 kwenye redio ya Brussels na namba 5 kwenye redio ya Marekani, kila moja itakuwa inazungumza mahali ambapo nyenzake haina sikio, na hakuna kitufe chochote cha kuzipatanisha. Mwambie shemeji asitume, au wifi akuongezee jozi nyingine ya PMR446. Si lazima iwe ya kampuni ileile. Redio mbili za PMR446 za kampuni tofauti husikilizana vizuri, mradi ziwe kwenye chaneli moja na msimbo mmoja. Kama moja ni ya zamani yenye chaneli 8 tu, tumieni chaneli ya 1 hadi ya 8, kwa maana hizo hazikubadilishwa masafa yalipopanuliwa.

Nimetaja msimbo, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Kwenye kioo cha redio utaona namba kubwa, ambayo ni chaneli, na pembeni yake namba ndogo, ambayo ni msimbo. Kuna mzazi aliyeniletea jozi akiamini kwamba moja imeungua. Niliziweka mezani bega kwa bega: zote zilionyesha chaneli 4, lakini kwenye moja namba ndogo ilikuwa 12 na kwenye nyingine ilikuwa 13, kwa sababu mtoto alibonyeza kitufe akiwa ameishika. Nilirudisha 12, nikabonyeza kitufe cha kuongelea, na sauti ikatoka papo hapo. Msimbo ni mlango wa upande mmoja: huizuia redio yako isikuletee sauti za watu wengine walioko kwenye chaneli hiyo, lakini hauyafichi maneno yako hata kidogo, na yeyote mwenye redio isiyo na msimbo anakusikia neno kwa neno. Makasha mengine huita kitu hicho usiri. Ninawasihi sana wazazi wasiliamini neno hilo.

Kuhusu kilomita, mawimbi ya masafa haya husafiri kwa mstari karibu ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mtu aliyesimama na redio kwenye urefu wa mita moja na nusu ana upeo wa kilomita 5 hivi, na mwenzake aliyesimama vilevile ana upeo kama huo, kwa hiyo juu ya ziwa tulivu au kwenye uwanda usio na kitu mnaweza kukaribia kilomita 10. Ile 56 hupatikana pale mmoja anapokuwa juu ya mlima na mwingine bondeni, na kati yao hakuna hata mti. Msitu wetu wa miyombo ni kitu kingine kabisa. Kwa nusu wati, katikati ya miti na vichuguu, tegemea kilomita moja, pengine moja na nusu, na chini ya hapo kwenye mabonde ya mito. Masika, majani yanapokuwa mengi na yamelowa, hupungua tena.

Baba watoto atasema kwamba wati 5 ni mara kumi ya nusu wati, na hesabu hiyo ni sahihi, ila umbali haufuati hesabu hiyo. Hata hewani palipo wazi, ukitaka kuongeza umbali mara mbili unahitaji kuongeza nguvu mara nne, na chini ya miti faida ni ndogo kuliko hapo. Kinachosaidia kweli ni kimo. Mtoto asiyesikika apande kichuguu na kuishika redio wima juu ya kifua, antena ikiwa imesimama, na mara nyingi sauti itarudi bila kuongezwa hata wati moja. Kwa wale wanaotembea kwa miguu kuzunguka kambi, zile za Brussels zinatosha.

Dereva wa Njia ya Likasi

Ninakubaliana na fundi kuhusu watoto, lakini kuhusu magari nina la kuongeza, kwa kuwa njia hizo ndiyo kazi yangu. Ukiwa ndani ya gari, bati limekuzunguka pande zote, na redio ya nusu wati ambayo nje ilifika kilomita moja inaweza kushindwa kufika hata nusu yake. Vumbi la baada ya lami hulazimisha magari kuachana kwa umbali unaozidi huo, hasa pale ambapo lori limeingia katikati yenu. Redio yenye nguvu zaidi na antena iliyofungwa juu ya paa la gari ingefanya kazi vizuri, na hiyo ndiyo sababu magari ya migodi yanafungwa hivyo. Lakini hizo ni redio zenye vibali, na wenye kibali ni kampuni.

Kwa familia, mimi ningebaki na redio ndogo na kubadilisha namna ya kusafiri. Anayeongea na redio awe abiria wa mbele, asiwe dereva, na aishike karibu na dirisha, si chini kwenye mapaja. Kila mnapofika kwenye daraja, njia panda au kijiji, gari la mbele litoe habari: "Tumevuka daraja, kuna lori linakuja kwenu." Na mpatane kabla ya kuondoka kwamba wa nyuma wakinyamaza, gari la mbele litasimama kwenye kijiji kinachofuata, pembeni mwa njia, na kungoja. Ninaliona hili kuwa muhimu kuliko uchaguzi wa redio yenyewe, kwa sababu kuna wakati wa nyuma amepasuka tairi bondeni na hakuna redio ya mkononi itakayomfikia.

Tena, mkiwa bado mjini, simameni mmoja huku na mwingine mwisho wa barabara, mjaribu. Ni bora kugundua tatizo pale Katuba kuliko kuligundua jioni kando ya Lufira.

Mzee wa Ruashi

Binti yangu, swali lako la tatu ndilo ambalo ningependa kila mzazi alisome mara mbili, kwa sababu waliotangulia wamelieleza vizuri jambo la ufundi na hili la sheria limebaki.

Masafa ya redio katika nchi yetu husimamiwa na ARPTC, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mambo ya mawasiliano kwa jumla leo yanaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Redio za PMR446 hazihitaji kibali Ulaya kwa sababu serikali za huko zimeamua hivyo kwa ajili ya ardhi yao, na zile za FRS ziko huru Marekani kwa uamuzi wa Marekani. Uhuru huo hausafiri pamoja na redio ndani ya sanduku la wifi. Wala usiseme kwamba kwa kuwa duka la mjini linaziuza, basi zimeruhusiwa, kwa sababu anayeulizwa barabarani ni yule aliyekutwa nayo mkononi. Kwa hiyo, kabla ya kuziwasha, nenda na redio zenyewe pamoja na karatasi zake kwenye ofisi ya ARPTC au idara ya posta na mawasiliano ya mkoa, uulize kwa ajili ya aina hiyo hasa na nguvu hiyo hasa, na uombe jibu la maandishi. Nakala yake ikae ndani ya gari pamoja na karatasi za gari. Zinazoletwa kutoka nje zitangazwe forodhani, iwe ni uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa.

Kuhusu zile nyeusi za wati 5, namwomba baba watoto anisikilize kwa upole. Nyingi kati ya hizo, na ile ya bei nafuu ya Baofeng UV-5R ni mfano wake, huweza kuandikiwa masafa yoyote kati ya megahezi 136 na 174, na tena kutoka 400 hadi 520. Maana yake ni kwamba mtoto akibonyeza namba ovyo anaweza kutua katikati ya mazungumzo ya walinzi, ya mgodi au ya huduma ya dharura, na sauti yake ikazima sauti ya mtu mwenye shida. Hilo pekee lingetosha kunifanya nisiinunue kwa matembezi ya familia.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Nchi hii imeumizwa na vita, na redio ya mkononi ni kifaa ambacho askari kwenye bariere anakihusisha na vita kabla hajakihusisha na matembezi. Kile kinachofanana na cha kijeshi, chenye antena ndefu au rangi ya madoadoa, kitakufanya uulizwe maswali marefu mbele ya watoto wako. Chagueni ndogo, za rangi ya manjano au ya machungwa, zilizo wazi machoni kuwa ni za raia. Zizimwe na kuwekwa ndani ya kasha lake, juu ya vitu vingine, kabla ya kufika kwenye bariere au peaji, yaani kituo cha kulipia barabara, na zisifichwe chini ya kiti. Askari akiuliza, mwonyesheni pamoja na ile nakala ya maandishi. Mkienda kwenye hifadhi ya Kundelungu au Upemba, waelezeni walinzi wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, mlangoni kwamba mnazo, nanyi mfuate watakalosema, hata kama watasema zibaki getini. Na kwa ndugu wa Goma na Bukavu wanaosoma hapa, ushauri wangu ni mfupi: kwa hali ilivyo huko, msibebe kabisa.

Mama wa Katuba

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemwandikia shemeji asitume, na baba watoto amesoma maneno ya mzee mwenyewe, akakubali kwamba zile za wati 5 tuziache. Kesho kutwa nitakwenda kuuliza juu ya kibali, na tukikataliwa hatutazitumia.

Nina mambo mengine mawili. La kwanza ni juu ya watoto: mkubwa ana miaka 14 na mdogo atakayeshika redio ana miaka 8, nami sijui niwafundishe nini. Binamu yao anasema kuna programu za simu zinazoigeuza simu kuwa toki-woki, kwa hiyo hatuhitaji redio. La pili ni umeme, kwa kuwa tunapolala hakuna pa kuchajia.

Mwalimu wa Kamalondo

Mama mwenzangu, programu hizo za simu, kama vile Zello, hupitisha sauti kwenye intaneti. Mnakokwenda hakuna mtandao, kwa hiyo zitanyamaza sawa na simu yenyewe. Binamu amejaribu mjini, ambako ni kweli zinafanya kazi.

Kwa mtoto wa miaka 8, tafuta redio yenye vitufe vichache na yenye kufuli ya vitufe, ili namba zile alizoeleza fundi zisibadilike mfukoni. Mfundishe mambo machache tu na umrudie mpaka ayafanye bila kuwaza. Abonyeze kitufe, angoje kidogo kabla ya kusema, kwa sababu wengi husema palepale na neno la kwanza linakatika. Aishike mbali kidogo na mdomo na aseme kwa sauti ya kawaida, maana kupiga kelele huharibu maneno. Akimaliza aseme "nimemaliza", kisha aachie kitufe. Wakati amekibonyeza hawezi kusikia mtu yeyote, na watoto hulisahau hilo: hubana kitufe kwa woga na kulia, huku mama yake anaita bure. Mweleze hivi: ukiogopa, achia kidole, usikilize.

Kwa kuwa wageni wanaweza kusikia, msitaje hewani majina kamili ya watoto, wala mahali mlipoweka kambi, wala kwamba kambini wamebaki wanawake peke yao. Mpangiane majina mafupi ya matembezi. Pia wekeni saa za kuitana, kwa mfano kila nusu saa, mtoto akiwa na saa mkononi. Saa ikipita kimya, sheria iwe moja kwa wote: aliyepotea asimame alipo, asiendelee kutembea akitafuta njia. Mpe kila mtoto filimbi ya kuning'iniza shingoni. Filimbi haihitaji betri wala kibali, na katikati ya miti husikika mahali ambapo sauti ya mtoto haifiki. Na mwambie waziwazi kwamba redio si ruhusa ya kwenda mbali zaidi, wala ya kusogelea maji, hasa pale Kiubo. Hapo nisingemwachia mtoto wa miaka 8 atembee bila mtu mzima, hata akiwa na redio bora kuliko zote.

Fundi wa Kampemba

Namalizia na umeme. Mama, fungua kifuniko cha nyuma cha zile za Brussels. Ukikuta betri ndogo za AAA au AA, umepata bahati, kwa kuwa unaweza kutumia za kuchaji siku za kwanza na kubeba za kawaida za akiba. Usichanganye za kuchaji na za kawaida ndani ya redio moja, wala za zamani na mpya. Na ukiwa umeweka za kawaida, usiichomeke redio hiyo kwenye chaja kwa namna yoyote, kwa sababu betri hizo zinaweza kuvuja au kupasuka. Ukikuta betri ya litiamu inayochajiwa kwa waya wa USB, gari litaichaji mkiwa njiani.

Kinachokula betri ni kuongea, kwa hiyo salamu ndefu na nyimbo za watoto zisiende hewani. Usiku zizimeni. Angalia pia kama kasha lina maandishi ya IP54 au IP67. La kwanza linamaanisha kwamba redio inastahimili vumbi na maji ya kurushiwa. La pili linamaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa, na kwamba redio inaweza kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Kwa vumbi la njia yenu IP54 inatosha, ila kwa watoto watakaocheza kando ya ziwa ningetafuta IP67. Kama redio zenu hazina maandishi yoyote ya namna hiyo, kila moja ikae ndani ya mfuko mwepesi wa nailoni uliofungwa vizuri. Sauti hupita, na kitufe hubonyezeka hivyohivyo. Mkirudi nyumbani, toeni betri zote za AAA kabla ya kuziweka kabatini, maana zikiachwa humo mpaka kiangazi kijacho huvuja na kula vyuma vya ndani.